Samaki Wazazi Hawapimiwi

Baba mkwe wangu alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililokwisha kuchubuka rangi, na kwa kopo hilo aligawa chakula cha nyumba nzima, cha watu na cha samaki. Kabla kampuni ya mgodi haijasimamisha kazi alikuwa mpimaji katika ghala la posho, mahali ambapo kila mwisho wa mwezi wafanyakazi walipanga foleni kuchukua unga, mafuta na samaki wakavu. Posho ilitolewa kwa kuangalia watoto: mwenye watoto wengi aliondoka na mzigo wa kukodishia mkokoteni, asiye na mtoto aliondoka na kifurushi cha kwapani. Miaka yote aliyosimama nyuma ya mizani ilimwachia imani moja, kwamba chakula ni mali ya watoto, na mtu mzima anakula kinachobaki. Ghala lilipofungwa alipewa ile mizani ya kuning'iniza badala ya mshahara, akaja nayo nyumbani begani, na imani yake akaja nayo vilevile.

Mimi niliikuta imani hiyo nilipoolewa na mwanawe wa kwanza. Nilitoka kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, nikaja Likasi mjini nikidhani naenda kwenye raha. Raha yenyewe ilikuwa imeshaondoka na treni. Mishahara ilikatika, noti ya asubuhi jioni haikununua kitu, na katika njia yetu nyumba kadhaa zilipigiliwa mbao kwa sababu wenyewe walifukuzwa au walikimbia. Mume wangu alikuwa Kakanda akichimba mawe ya madini kwa sururu na wenzake. Akipata alirudi, asipopata hakurudi. Nyumbani tulibaki mimi, baba mkwe, mama mkwe, na wajukuu wao, watoto wa mashemeji zangu waliokwenda kutafuta maisha mpakani.

Na nilikuwa na mimba. Naliweka hili mbele kwa sababu katika miezi hiyo sikuwa na jambo jingine kichwani. Ilikuwa mimba ya pili. Ile ya kwanza ilinipa binti aliyezaliwa mwembamba, kichwa kikubwa, ngozi imelegea mapajani kama soksi ya kuazima. Hakulia, aliguna tu. Nilimpa ziwa, akalishika, akaliachia, akalala; nikampa tena, akalishika, akaliachia. Tulimzika kabla hatujampeleka kanisani kuombewa. Nilipojua kwamba nimebeba tena nililala na hofu na kuamka nayo, na kila nilipofunga kitenge kiunoni nililipima tumbo kwa mkono nikijiuliza kama huyu naye anapungukiwa.

Mabwawa ya samaki yalikuwa bondeni, nyuma ya nyumba za mwisho, penye kijito. Baba mkwe na mume wangu waliyachimba wenyewe. La kwanza lilikuwa la samaki wazazi, tilapia walioletwa hai kutoka ziwani kwetu ndani ya pipa. La pili la vifaranga. La tatu la wale wanaokua. Wakati huo kila mtu Likasi alikuwa akichimba bwawa, mwalimu, dereva, fundi wa umeme, kila aliyekuwa na kipande cha ardhi yenye maji. Wote walihitaji vifaranga, na wetu ndio waliotoka kwenye ndoo kwenda mji mzima. Waliokuja na bidoni, madumu yao ya plastiki, walituachia unga, sabuni, chumvi, wakati mwingine mafuta. Nyumba yetu ilikula kwa vifaranga hao.

Asubuhi baba mkwe alishuka bondeni na kopo lake. Pumba za mahindi na mashudu ya karanga zilikwenda kwa vifaranga, kopo limejaa mpaka mdomoni. Waliokuwa wakikua walipata nusu. Wazazi hawakupata kitu. Wajukuu walipouliza kwa nini, alijibu kwa sauti ile ya ghalani, ya mtu anayemfukuza aliyerudi mara ya pili kwenye foleni.

“Bazazi habapimiwe. Mukubwa anavumilia. Akule majani.”

Tena alikuwa na ushahidi wake. Tilapia jike akishataga huyachukua mayai mdomoni, akayafungia humo mpaka yaanguliwe na watoto waweze kuogelea, na siku zote hizo hali kitu. Baba mkwe alichuchumaa ukingoni na kuwaonyesha wajukuu jike aliyetuna taya, amesimama majini bila kugusa hata punje.

“Muangalie mama ule. Batoto iko mu kinywa. Chakula inapita pembeni yake, hakamate. Njo mama wa kweli.”

Mama mkwe, aliyekuwa nguzo ya kikundi cha maombi cha mtaa, alilipeleka jambo hilo kanisani likawa ushuhuda. Hata samaki, alisema, anafunga kwa ajili ya watoto wake. Wanawake walipiga vigelegele na amina nyingi. Mimi nilikaa kwenye benchi la nyuma, tumbo linanguruma. Yule samaki nilimwona mzuri kweli, na aliniudhi kweli.

Aliniudhi kwa sababu nyumbani samaki huyo nilikuwa mimi. Bukari, ugali wetu, ikishaiva, watoto walipimiwa kwanza kwa lile kopo, mmoja mmoja. Kisha baba mkwe aliwekewa sahani yake, akala kidogo, nusu akairudisha kwa watoto. Mimi na mama mkwe tuliparura sufuria. Siku ambayo hata sufuria haikuwa na kitu cha kuparura, mama mkwe alifunga kitambaa kichwani na kutangaza, “Leo tunafunga,” na njaa ikapata jina la heshima. Sikatai kufunga na kuomba. Ninachokataa ni kuvalishwa njaa nguo ya Jumapili halafu niambiwe nishukuru.

Tumbo langu halikuhesabiwa. Ghalani mtoto aliingia kwenye posho akishazaliwa, akishaonekana kwa macho. Aliye tumboni hakuwa na fungu, na baba mkwe aligawa vile alivyozoea kugawa, bila ubaya wowote moyoni. Hilo ndilo lililonikaba zaidi. Ningekuwa nimeolewa kwa mtu mchoyo ningejua la kufanya.

Wala sikuweza kumwambia. Kwetu mke wa mwana hasemi na baba mkwe uso kwa uso, wala hali mbele yake. Akitaka kitu kwangu alimtuma mjukuu au aliongea na ukuta, nami nikasikia. Mimi nikitaka kitu kwake nilipitia kwa mama mkwe. Kumwomba baba mkwe chakula kwa mdomo wangu kungekuwa habari ya kuzunguka mtaa mzima, kwamba mkaza mwana yule hana haya. Basi nilimwendea mama mkwe, akiwa anapepea makaa kwenye mbabula.

“Mama, minye niko na njaa. Haiko yangu peke. Ni ya huyu wa mu tumbo.”

“Weye njo wa kwanza kubeba mimba? Minye nilibeba bote bale, sikulie.”

“Mama, mulibeba wakati wa posho,” nikasema. “Store ilikuwa inajaa.”

Alinikata jicho la pembe, akaendelea kupepea makaa ambayo yalikuwa yameshashika moto. Tangu siku hiyo aliniita “weye” tu, hata mbele ya wageni.

Halafu vifaranga wakaanza kufa. Mwanzoni walikufa wachache kwenye bidoni, njiani, tukasema ni joto. Baadaye wanunuzi walirudi mmoja mmoja wamenuna, wakisema wamewaweka kwenye mabwawa yao na kesho yake waliwakuta wanaelea. Fundi mmoja wa umeme, mtu mpole siku zote, alisimama mlangoni na bidoni tupu na kusema kwamba unga aliotupa ulikuwa wa watoto wake. Baba mkwe aliinama, akaingia ndani, akamrudishia unga. Usiku wa siku hiyo tulifunga.

Alibadilisha maji, akatoa tope, akatandaza majivu ukingoni. Aliwazidishia vifaranga pumba, akatoa hata kwenye zetu. Waliendelea kufa. Na kwa kuwa aliyekuwa akiwachota kwa kitambaa na kuwahesabia wanunuzi nilikuwa mimi, kwa ajili ya mkono mwepesi niliotoka nao ziwani, macho yalianza kunigeukia. Mwanamke mmoja wa kikundi cha maombi ndiye aliyelisema kwa sauti, akiwa amekaa kwenye kiti chetu, anakunywa munkoyo wetu wa mahindi.

“Mutoto yake alikufa. Sasa batoto ba samaki banakufa. Ile mukono iko na kintu.”

Nilikuwa jikoni, nikasikia kila neno. Nilisubiri mama mkwe anitetee, hata kwa nusu sentensi. Kesho yake alinikataza kukanyaga mabwawani, na wiki iliyofuata alinitangazia shauri walilokata yeye na wenzake: kabla sijajifungua ningepelekwa kwenye nyumba ya maombi, nje ya mji, njia ya Kamatanda, nikafunge kufunga kukavu, bila chakula wala maji, mpaka kile kilichonishika mkono kiniachie.

Nilijua hakika, bila kumwuliza daktari wala mchungaji, kwamba mtoto wangu hatatoka hai kwenye nyumba hiyo. Nilimtumia mume wangu salamu kwa dereva wa lori la Kakanda. Dereva alirudi bila jibu. Kukimbilia kwetu ziwani kungekuwa kukiri, na mtoto ningemzaa akiwa na jina la mchawi mgongoni. Kitu kimoja tu kilinipa nafasi. Mkubwa wa nyumba alikuwa baba mkwe, na bila ruhusa yake nisingetoka. Waliposhauriana naye aliongea na ukuta kwa muda mrefu, kisha akasema tungoje Jumapili moja ipite, ya pili yake ndipo nitoke.

Katika siku hizo za kungoja ndipo nilipoanza kukaa kando ya shimo la matofali. Ukingoni mwa kiwanja chetu kulikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kupita nyumba, na jirani mmoja mfyatua matofali alikuwa akikikata kidogokidogo, maana udongo wa kichuguu ndio unaoshika vizuri. Chini yake kulikuwa na shimo la zamani lililojaa maji ya mvua za kwanza. Ukuta wa bwawa la wazazi ulipovuja, baba mkwe alihamishia baadhi ya wazazi kwenye shimo hilo, wakae kwa muda, halafu mambo yakawa mengi na akawaacha. Na yule jirani, kila alipopiga jembe na mchwa kumwagika na watoto wao weupe wanono, aliwasukumia shimoni kwa sepeto wasimng'ate miguu. Kutwa nzima mchwa waliporomoka majini. Kutwa nzima wazazi wale walikula.

Nilikatazwa mabwawa, shimo sikukatazwa. Lilikuwa kwenye njia ya kwenda kuteka maji. Nilishusha ndoo, nikakaa, nikawatazama wakifungua midomo. Niliwaonea wivu samaki, naapa. Mate yalinijaa.

Kisha watoto wao wakatoka. Nilimwona jike akifungua mdomo na wingu dogo jeusi likachomoka mbele yake, wepesi, wakali. Nilipoinua mkono kivuli kikaanguka majini na wote wakarudi mdomoni kwa mama yao mara moja. Nilishika ndoo yangu nikapita, makusudi, karibu na bwawa la vifaranga, hata kama nilikatazwa. Wa huko walikuwa wamening'inia pembeni juu ya maji, vichwa vikubwa, matumbo yameshikana na mgongo. Pumba zilikuwa zikielea mbele yao nao hawazifuati. Nikakaa kwenye nyasi. Nilimwona binti yangu, akilishika ziwa na kuliachia.

Pale kwenye nyasi ndipo lilipoingia kichwani, na liliponiingia nilishikwa na hasira zaidi kuliko furaha. Yule jike anayesifiwa kwa kufunga, anafunga akiwa ameshamaliza kazi. Yai linatoka na chakula chake ndani, na chakula hicho ni kile mama alichokula kabla hajafunga mdomo. Baada ya hapo hana cha kuongeza. Kama hakula, anayafungia mdomoni mayai yasiyo na kitu, anavumilia, anasifiwa kanisani, na watoto wanatoka wakiwa wameshachelewa. Huwezi kumlipa mtoto kwa kopo la pumba deni la tumbo la mama yake.

Nikamwambia mama mkwe habari ya shimo. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa akinifanyia, na nikaanza kupata matumaini.

“Unaona?” akasema. “Bale ba shimo haukubagusa. Njo maana biko bazima.”

Nilirudi jikoni nikajifungia. Nilikuwa nimemletea mwenyewe kamba ya kunifungia. Jumapili hiyo ya pili ilikuwa imekaribia, na wanawake wa maombi walikuwa wameshasema watapita kunichukua baada ya ibada. Nililia kwanza, sitajifanya jasiri. Nilipomaliza kulia nikafikiri kwa utulivu: kama kosa ni mkono wangu, basi nitafute mahali ambapo mkono wangu haukuwahi kufika.

Mahali hapo nilipajua tangu utoto. Kwetu msichana anajifunza kupasua samaki kabla hajajifunza kusuka nywele.

Jumapili asubuhi nilisema miguu imevimba, na ilikuwa kweli, wakaniacha. Nyimbo zilipoanza kusikika kutoka kanisani nilichukua wavu nikashuka bondeni. Katika nyumba ile kuua samaki mzazi lilikuwa jambo lisilotajwa. Hata njaa ilipotuzidi kabisa hakuna aliyethubutu kuwatazama wale wazazi kwa jicho la sufuria. Nilimtafuta jike mwenye tumbo lililojaa, aliye karibu kutaga, kwenye bwawa. Ilinichukua muda, nikisikiliza kama nyimbo zimekwisha. Nilimpata. Nikaenda shimoni nikampata mwingine wa umri wake. Nikawaua wote wawili.

Niliwapasua uani. Nilikuwa nimeandaa sahani mbili nyeupe za bati, zile za wageni. Mfuko wa mayai wa yule wa bwawani ulitoka mwembamba, nikaumwaga kwenye sahani ya kwanza: mayai machache, mengine makubwa mengine madogo, yamepauka, mengine yana maji tu. Wa shimoni ulijaza kiganja changu. Mayai yake yalikuwa yamelingana, manjano iliyokolea ya mahindi ya zamani, yale ya kabla ya njaa. Nikaziweka sahani zote mbili juu ya kiti cha baba mkwe, kila moja na kichwa cha mama yake pembeni, nikasimama ukutani kuwangoja. Sikuwa na mpango mwingine. Kama asingeelewa, jua lingezama nikiwa njia ya Kamatanda.

Walikuja pamoja, baba mkwe mbele, mama mkwe nyuma yake na wanawake wa maombi, wajukuu wakiwa wametangulia kukimbia. Mama mkwe ndiye aliyeviona vichwa.

“Yesu! Aliua bamama! Papa, angalia, aliua bamama ba samaki!”

Mmoja wa wanawake alianza kuomba kwa sauti hapohapo mlangoni. Mwingine alinishika mkono. Baba mkwe aliinama juu ya kiti. Aligusa mayai ya sahani ya kwanza kwa kidole, yakapasuka. Aligusa ya sahani ya pili, yakakataa kupasuka. Akauliza yalikotoka, akiutazama ukuta.

“Ya fasi gani?”

Swali lilikuwa la mama mkwe kulijibu kwa niaba yangu, na mama mkwe alikuwa akipiga kelele. Nikapiga moyo konde nikamwangalia baba mkwe usoni, mara ya kwanza tangu nilipoolewa.

“Hii ni wa etang, papa,” nikasema, nikielekeza kidole bwawani. “Hii ni wa shimo. Wa shimo alikula mchwa kila siku. Wa etang alivumilia. Mayayi ilikuwa ingali mu tumbo. Mukono yangu haiyafike mule. Kama niliroga, niliroga namna gani ndani ya tumbo ya samaki?”

Mkaza mwana alikuwa amesema na baba mkwe, tena mbele za watu. Niliona aibu ikipanda usoni mwa mama mkwe, na nilijua kwamba kama nimekosea sina tena pa kukaa.

Baba mkwe alizichukua zile sahani, moja mkono huu, nyingine mkono huu, akasimama nazo. Nilimwona akifanya kile alichofanya maisha yake yote: alipima. Mkono mmoja ulishuka kidogo, akaurudisha, ukashuka tena. Alisimama hivyo mpaka wajukuu wakaanza kutazamana. Kisha akanitazama tumboni, haraka, na macho yake akayarudisha ukutani. Alikumbuka, nadhani, na yeye, kile kijeneza cha binti yangu alichokibeba kwapani.

“Bamama, murudie kwenu,” akawaambia wale wanawake. “Huyu hatafunga.”

“Papa, tulishapatana,” mama mkwe akaanza.

“Nilisema hatafunga. Na weye vilevile. Hakuna mutu atafunga mu hii nyumba kama sikumupima.”

Wakaondoka, si kwa amani, lakini wakaondoka. Baba mkwe aliingia ndani akatoka na lile kopo limejaa unga, akamkabidhi mama mkwe, akamwonyesha wale samaki wawili kwa kidevu. Mama mkwe alipika. Hakuniangalia, lakini alipika vizuri, na nyanya, na mayai yao yote ndani. Sahani ilipokuja mbele yangu sikuweza kuigusa, kwa kuwa baba mkwe alikuwa bado ameketi pale. Aliliona hilo. Akanyanyua kiti chake, akakipeleka mlangoni, akakaa akitupa mgongo, akiangalia njia.

“Ambia mama akule,” akamwambia mjukuu aliyekuwa karibu. “Minye naangalia njia.”

Nilikula wazazi wote wawili. Nilikula mpaka miiba, machozi yakinitiririka, na wala sikuyafuta.

Tangu siku hiyo kopo lilishuka bondeni kwa njia nyingine. Kituo cha kwanza kilikuwa bwawa la wazazi, na baba mkwe mwenyewe alikwenda kwa jirani wa matofali na ndoo kuomba mchwa. Nyumbani nilipimiwa kabla ya wajukuu. Usidhani ilikuwa sherehe. Vifaranga wa zamani waliendelea kufa hadi walipokwisha, wanunuzi walipungua, na wajukuu walilia kwa kuona fungu lao limepunguzwa, wangewezaje kuelewa? Mama mkwe aliwanyamazisha bila kunitazama. Miezi yote hiyo hatukujua kama tumefanya sawa. Nilikula kila siku na hofu yangu ikakaa palepale, kwa sababu nilianza kula nikiwa nimeshachelewa, na kiasi gani nimechelewa hakuna aliyeweza kuniambia.

Kitu kingine nilikiona taratibu. Sahani ya baba mkwe ilikuwa haifiki tena mezani mchana. Alisema ameshakula bondeni. Bondeni kulikuwa na mchwa na pumba. Suruali yake ya ghalani aliifunga kwa kamba, halafu kamba akaiongezea fundo. Nilijua. Mama mkwe alijua pia, na siku moja tu alilisema, akinisogezea bakuli langu: “Maliza. Ile ya papa iko mule.” Nikamaliza. Nilikuwa na mtu wa kumlisha.

Nilijifungua mchana, nyumbani, na mkunga wa mtaani, kwa kuwa zahanati haikuwa na hata pamba. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka Kakanda siku chache nyuma, mikono mitupu, akasimama uani na baba yake. Mama mkwe alinishika mgongo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtoto alipotoka kulikuwa na kimya, na katika kimya hicho nilikufa. Kisha akalia. Alilia kwa hasira, kwa mdomo wazi, kilio cha mtu aliyekuja kudai chake, na mama mkwe akakaa chini sakafuni akafunika uso kwa kitenge. Nilimpa ziwa. Akalishika. Nikangoja aliachie, nikahesabu pumzi zangu, nikangoja. Hakuliachia.

Tulipokuwa tumeoga, baba mkwe alibisha mlangoni, mzee aliyekuwa amebaki mifupa na shati. Mkononi alikuwa na ile mizani ya ghala. Aliitundika kwenye boriti, akamfunga mjukuu wake ndani ya kitenge changu, akamning'iniza kwenye ndoano, na mshale ukashuka. Alisogeza macho karibu, akasoma, akasoma tena, na hakumwambia mtu alichosoma. Kisha akageuka, si kwa ukuta, si kwa mama mkwe, akanitazama mimi.

“Mama,” akasema, “posho yake ilimufikia.”